Nusu Nje na Mlango Wake

Mzee tunayemzika leo alikuwa na jina zuri tu kwenye kitambulisho, ila mtaani halikutumika. Alikuwa Nusu Nje. Bibi ametuonya sisi wajukuu tangu juzi: "Semeni yote, la dirisha liacheni." Shikamoo Bibi, tunaanza na la dirisha.

Asubuhi ya harusi, Jumamosi tarehe 6 Juni 1970, bwana harusi, fundi vitasa mwenye sifa zake, aliingia bafuni kunyoa ndevu. Akajifungia kwa kitasa alichokipachika mwenyewe jana yake. Kitasa kikagoma, na vifaa vyote viko sebuleni. Akapanda dirishani. Kichwa kikapita, mabega yakapita, suruali ya suti ikanasa kwenye komeo, akabaki ananing'inia mbele ya wakwe. Bibi harusi alipochoka kungoja, akaja mwenyewe na gauni lake, akamshika mikono.

"Vuta basi!"

"Subiri kwanza nicheke."

Alicheka, kisha akavuta. Suruali ilibaki bafuni. Jina halikumtoka tena.

Babu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1943, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa tano wa baba dobi na mama mkunga. Alisoma mpaka darasa la nane. Mwaka wa mwisho alisimamishwa wiki moja kwa kufungua kabati la mitihani kwa waya wa mwavuli. Alijitetea kwamba hakusoma swali hata moja, alitaka tu kujua kabati linafungukaje. Matokeo yalipotoka, kila mtu aliamini.

Mwaka 1961 alianza kujifunza ufundi, na 1968 akafungua kibanda chake, katikati ya muuza miwani na mshona viatu. Alifanya kazi sikio likiwa mlangoni, macho yamefumbwa. "Kitasa hakilazimishwi," alisema, "kinabembelezwa." Kati ya watoto wake wanne, aliwafundisha wawili. Baba Mkubwa, kifungua mimba, alivunja funguo mbili asubuhi moja, akaenda zake kufanya kazi ya bima. Baba Mdogo, kitinda mimba, ndiye aliyerithi mikono. Ila alikuwa na kituko chake: kitasa kikikataa, anatulia, anakigonga mara mbili kwa kidole, halafu anajaribu tena.

"We mtoto, unakipigia hodi kitasa?"

"Adabu, Baba. Si ulisema kinabembelezwa?"

Sasa tunafika pale ambapo familia hii huwa inahamia kwenye habari za hali ya hewa. Mwaka 2015 nyumba ya mteja iliibiwa, na mlango haukuvunjwa. Baba Mdogo ndiye aliyekuwa amechonga ufunguo wa nyumba ile. Baba Mkubwa akaja kibandani na kusema mbele ya wateja, "Umetuaibisha, mwizi wewe." Kijana akamgeukia baba yake. Akangoja neno. Babu, aliyekuwa na mdomo kuliko redio, akanyamaza. Kijana akaweka vifaa juu ya meza, akatoka. Haukupita muda ikajulikana kuwa mwizi alikuwa shemeji wa mwenye nyumba, lakini maji yalishamwagika. Kitinda mimba alihama mji, akajitoa hata kwenye kundi la familia kwenye simu. Babu hakujua kutumia hilo kundi, ila kila akituona na simu aliuliza, "Karudi?"

Tangu siku hiyo Babu hakufunga tena mlango wa mbele kwa ufunguo. Aling'oa kitasa kwa mkono wake, akaacha kishikio tu. Bibi alilalamika mpaka akachoka: "Niliolewa na fundi vitasa, nalala kama niko sokoni!" Babu alimjibu jambo moja tu: "Akija, asikute tumefunga."

Januari 2024 mapafu yalianza kumsumbua. Hospitali wakafanya waliloweza, akaomba kurudi nyumbani. Alilazwa sebuleni, kitanda kikatazama mlango. Baba Mkubwa alihamia kumuuguza, akawa anamgeuza, anamwogesha, anamlisha uji. Kwa hilo hatutamtania. Wiki moja nyumba tatu za jirani zilivunjwa. Basi Babu akiwa amelala, Baba Mkubwa akapachika kitasa kipya. Babu aliamka, akauona mlango.

"Nani kafanya hivi?"

"Baba, kuna wezi."

"Mimi simngoji mwizi. Toa."

"Nitatoa kesho."

"Kesho yangu unaijua wewe?"

Alichokuwa hakijui Baba Mkubwa ni kwamba Shangazi alikuwa amempata ndugu yao kwa simu na kumwambia: njoo, Baba anakata kamba, mlango uko wazi kama kawaida, wewe sukuma tu.

Mchana uleule mlango ulisukumwa. Haukufunguka. Halafu kitu kikaanza kukwaruza ndani ya kitasa. Bibi akashika mdomo. Baba Mkubwa akanyanyua nondo, akasimama nyuma ya mlango, roho mkononi. "Atakayeingia hapa," akanong'ona, "atatoka amebebwa."

Babu alitaka kupiga kelele, pumzi hazikutosha. Akafumba macho, akatega sikio kama yuko kazini. Kukwaruza kukakoma. Kisha, kwa mbali, ngo, ngo. Kidole.

"Weka chini hiyo," Babu akasema. "Huyo nimemfundisha mimi."

Kitasa kikalia, mlango ukafunguka. Baba Mdogo alikuwa amesimama na kipande cha waya, macho kwenye nondo ya kaka yake. Baadaye alituambia kwamba kubisha aliona haya, na kuondoka miguu ilikataa.

"Umenifungia, Baba."

"Si mimi. Na ni kitasa cha bei rahisi, nimekisikia." Babu akavuta pumzi, akatafuta nyingine. "Siku ile ulingoja niseme. Sikusema. Hukuiba. Nilijua hukuiba, na nikanyamaza. Nisamehe, mwanangu."

Baba Mdogo alivua viatu, akaenda kukaa kitandani upande wa miguu, akaanza kumkanda nyayo.

Babu alifariki Jumanne tarehe 12 Machi 2024, alfajiri, wanawe wote wanne wakiwa chumbani.

Baba Mkubwa hajamwomba mdogo wake msamaha. Tunasema hapa hadharani kwa sababu Babu alituonyesha kunyamaza kunagharimu nini. Ila jana alipiga magoti mbele ya ule mlango ili akitoe kile kitasa, akanyoosha bisibisi pembeni bila kugeuka: "Hebu shika wewe. Mimi nitakivunja." Mdogo wake akaipokea. Wakakitoa wote wawili. Leo wao ndio watakaotangulia mbele ya jeneza, bega kwa bega, na sisi tutakuwa tunawaangalia miguu, kama wanakwenda hatua moja.

Babu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja na kitukuu mmoja anayefungua kila kabati. Lala salama, Nusu Nje. Safari hii umepita mzima.

Nanyi mliofunguliwa milango naye, mlionusuriwa, mliotaniwa, msiondoke na hadithi zenu. Njooni nyumbani mtusimulie, hasa mumsimulie Baba Mdogo, maana miaka tisa ya baba yake ameikosa. Msipige hodi. Sukumeni tu.