Kisanduku Kilichosahau Kulala

Mwaka wa elfu mbili na tisa nilipanda gari la abiria, Pijo, kutoka Busia kwenda Malaba, nikakaa nyuma na kapu langu la samaki wa omena. Mbele yangu Leonida, mama mmoja wakala wa kuvusha malori mpakani, alikuwa anamgombeza fundi wake wa intaneti kama mtoto aliyemwaga maziwa.

"Zephaniah, wateja wa Kampala wananiandikia, barua pepe haziingii kwenye kompyuta yangu ya nyumbani. Sasa wanaenda kwa wakala mwingine."

"Mama, una visanduku viwili. Kimoja kinaleta intaneti, kingine kinalinda. Vyote vikilinda, hakuna kitu cha nje kinaingia. Kile cha kwanza nilikiambia kilale, yaani kiache kulinda, mwenzake alinde. Ukikichomoa kwa umeme, kinaamka kimesahau, kinaanza kulinda tena."

Walinzi wawili kwa geti moja. Sisi watu wa mpakani hiyo tunaijua bila kompyuta.

"Kwetu Adungosi wingu likikusanyika tunachomoa kila kitu, hata redio," mama alisema. "Radi ilimaliza ng'ombe wa jirani. Hiyo hukusomea?"

"Usichomoe tu, mama."

"Kwani wewe ni fundi ama mzuia mvua?"

Nilificha kicheko ndani ya leso.

"Na leo nimekutii," akaendelea kwa hasira. "Nimeacha vyote vimechomekwa kwa ukuta."

Tulipofika Malaba gari likasimama. Nyuma yetu, upande wa Adungosi, mbingu ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kupikia pombe ya busaa. Radi ikapiga huko, viti vikatetemeka. Fundi alitaka kushuka haraka, lakini mama alikuwa amemshika shati.

"Haya, Zephaniah. Kiambie kilale."