Kijiko cha Usingizi

Kinyozi alijifanya anasoma gazeti ndani ya treni ya asubuhi, kumbe masikio ameyatega kiti cha mbele. Fundi cherehani, aliyempakata bintiye mdogo, alikuwa akizungumza na mwanamke anayefanya kazi maabara.

"Amemeza dozi tatu mfululizo za dawa za kuua vijidudu vya kifua, dada. Tumbo limevurugika, na wiki ya tatu hii halali."

"Dawa hizo huua hata vijidudu vyema vya tumboni. Wataalamu wanachunguza kama ndivyo vinavyomsaidia mtoto kulala."

"Vijidudu vimbembeleze mwanangu? Mimi nimempa dawa ya mafua, kijiko kimoja tu. Si huyo kalala!"

Kinyozi nusura acheke. Yule wa maabara hakucheka. "Kijiko cha chai?"

"Cha kulia wali. Kile kidogo hakikumtosha."

Treni ikasimama kituoni kwa kishindo. Abiria wote walishtuka, isipokuwa mtoto.

"Mwamshe, mama! Tumpeleke hospitali sasa hivi."

"Nimwamshe? Baada ya kuhangaika kote huku?"

Fundi akamweka mtoto begani, akashuka haraka. Yule wa maabara akamfuata mbio, akimsihi. Kinyozi aliwatazama dirishani. Mkono wa mtoto ulining'inia mgongoni kwa mamaye, ukiyumba kila alipopiga hatua.