Mama Fumua Hakudekeza Mtu

Asubuhi hii, wakati sanduku linateremshwa kwenye gari, wifi yake marehemu alisema, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, kwamba binti wa marehemu asipitishwe mbele kuaga, kwa sababu ugonjwa umeukausha uso wa mama yake, na mtoto haoni, kuaga kwake ni kupapasa, atashtuka, ataanguka, mtoto wa watu ataumia bure. Na mdogo wake marehemu, fundi wa kuchomelea vyuma, ndiye huyu mnayemsikia akisoma, akamjibu, ameshaumia, shemeji, mama yake amekufa, au hujui kilichotukusanya? Wakubwa wakasema tunyamaze, historia isomwe kwanza. Basi inasomwa, lakini itasomwa yote.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1964, katika nyumba ya chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha mbao, mtoto wa kwanza kati ya wawili, baba mlinzi, mama mshona magunia. Aliingia darasa la kwanza mwaka 1971, akamaliza la saba mwaka 1977, na hakuendelea, si kwa kukosa akili, ni kwa kukosa ada na viatu, jambo ambalo hakulizungumzia maisha yake yote isipokuwa akiudhiwa.

Tarehe 1 Februari 1983 aliajiriwa hospitalini, chumba cha kufulia, kule chini kwenye mvuke, akafua na kukunja mashuka ya wagonjwa mpaka alipostaafu mwaka 2021. Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na dereva wa lori, mtu wa mizaha, aliyetutoka kwa ajali mwaka 2001, na katika ndoa hiyo alijaliwa mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1993.

Mwezi Julai 2000 homa ya uti wa mgongo ilimwacha yule mtoto hai, ikaondoka na macho yake. Kwa miaka miwili marehemu alimlisha kwa kijiko, akamvalisha, akambeba mgongoni mtoto ambaye miguu yake ilikuwa inaburutika chini, na mtaa mzima ukasema, huyu ndiye mama. Siku moja akarudi kutoka kazini, akamkuta mezani, midomo imepasuka kwa kiu, na kikombe cha maji kiko mbele yake, hata kiwiko hakihitaji kunyooka kukifikia. Akamwuliza, mbona hunywi, mtoto akajibu, hakuna aliyenipa. Marehemu alikaa sakafuni na sare yake ya kazi, akamwambia mdogo wake, nimemfanya nini mwanangu.

Kuanzia hapo mtoto alijichotea maji, akajimwagia, akapotea njia ya chooni, akaingia mtaroni, na marehemu alikuwa amesimama palepale karibu, ameishika nguzo ya mlango kwa mikono miwili. Watu wakasema ana roho ngumu, wakamwita mama wa kambo. Hawakujua kwamba ile mikono aliishikiza pale isikimbilie kumwinua.

Mwaka 2008 binti alianza kujifunza kusuka nywele. Majirani walikuja, wakasukwa, wakasema umesuka vizuri mwanangu, wakalipa, wakapinda kona, wakafumua. Huo ulikuwa wema, na waliutenda kwa moyo safi, lakini kwa wema huo binti angesuka ovyo mpaka uzeeni. Marehemu alisukwa naye, akapitisha vidole kichwani mwake mwenyewe, akasema mstari wa tatu umekwenda upande, fumua, akakaa tena kwenye kigoda, shingo imekakamaa, kesho ana zamu ya alfajiri, akapima tena, akasema fumua. Ndipo mtaa ukamwita Mama Fumua, naye akacheka, akasema afadhali hilo kuliko Mama Pole. Leo binti ana chumba chake cha kusukia na wateja wanapanga foleni, na baadhi yenu mliokuwa mnafumua mmekaa hapa na mistari aliyowasuka yeye, wala msijiguse vichwa.

Januari mwaka jana marehemu alianza kuugua ini, na tarehe 20 Mei mwaka huu alilazwa. Wifi yake aliacha biashara yake akamuuguza, akalala kwenye kiti wodini, na ni mtu mwema, hilo lisemwe wazi. Lakini binti alipouliza aliambiwa, anaendelea vizuri, usije, utachoka bure; na mama huku anamwita, mpaka sauti ilipokatika akabaki anamwita kwa midomo. Mdogo wake marehemu alirudi kutoka kazi ya mbali tarehe 2 Juni asubuhi, akasikia ukweli kwa mfagizi wa wodi, akamkimbilia binti, wakapanda ngazi, binti ametangulia. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka safi. Binti alikipapasa kuanzia upande wa kichwani hadi miguuni, kisha akaanza upya, akauliza, yuko wapi, na mama yake alikuwa ameshafariki kabla hawajafika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa chumba cha kufulia waliokuja na sare zao, majirani waliokesha nasi, na wifi yake, ambaye mgongo wake hautapona leo wala kesho kwa kile kiti. Kumpa kiti aliyechoka ni wema, shemeji, asante. Kumkalisha asiyechoka ni kumfunga. Umemwonea binti huruma kweli, lakini huruma yenyewe ingemfikisha kitandani kwa mama yake, ikasimama naye pale, ikalia naye.

Lala, dada, umetumika vya kutosha.

Sanduku halijafungwa. Binti yuko benchi la pili, na wewe, shemeji, umemshika mikono yote miwili tangu tulipoingia. Mwachie. Apite mbele, peke yake, aushike uso wa mama yake kwa muda anaotaka, nasi wengine tusubiri.