Ippolito Baldeschi, Mchoraji wa Magofu Aliyeifuta Nyumba Yake

Kwa ombi la mjane, Orsola, wasifu huu unasomwa hapa nyumbani kwake, kabla hatujaenda kanisani. Anataka yasemwe ndani ya kuta hizi. Tuvumiliane basi, sote tumekesha.

Marehemu Ippolito Baldeschi alizaliwa Tivoli tarehe 3 Mei 1721, mtoto wa pili wa mwashi. Alisomeshwa na paroko, tena kidogo tu. Akili yake yote ilikuwa kwenye mkaa na kuta za watu. Mwaka 1735 aliletwa hapa Roma kujifunza kuchora kwa rangi za maji, akaanza kwa kumsagia bwana wake rangi.

Mwaka 1748 alimwoa Orsola, muuza mboga, wakapanga nyumba hii iliyoegemea nguzo za hekalu la kale. Mungu aliwapa watoto wawili, akawachukua wote wangali wachanga.

Kazi yake mnaijua. Wageni wa Kiingereza walitaka magofu matupu: nguzo, majani yanayotambaa, na mbuzi mmoja wa kupendezesha. Nani angenunua picha yenye shuka zilizoanikwa? Kwa hiyo kila alipozichora nguzo hizi aliiondoa nyumba, akapaka anga mahali pake. Jioni Orsola, akichambua maharage, alimchokoza:

"Haya, fundi, leo umenitupa wapi?"

"Nyuma ya kichaka, mke wangu. Pana kivuli."

Wakacheka, wakala.

Machi mwaka huu wa 1778, mwenye nyumba, bwana mkubwa Landolfi, aliiona mojawapo ya picha hizo kwa mgeni wake. Akaipenda mno. Akaamuru nyumba ibomolewe ifikapo Oktoba, nguzo zibaki wazi kama pichani. Ippolito alikwenda kumsihi, kofia mkononi. Landolfi akamshangaa.

"Baldeschi, wewe mwenyewe umeibomoa miaka yote hii. Leo unalia nini?"

Marehemu alivaa kofia yake. Alirudi nyumbani, na brashi hakuigusa tena.

Agosti alipatwa na homa ya mabwawani. Alipozidiwa alimwomba mkewe msamaha. Orsola, hoi kwa kuuguza, alimfunika vizuri.

"Lala, mzee wangu. Hata hivyo paa lilikuwa linavuja."

Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Oktoba. Mjane hakulia mbele yake. Alikwenda jikoni, akawa anaupapasa ukuta huku akilia, na jamani, ilituuma.

Ameacha mjane, Orsola, na kaka, Settimio, anayewasomea haya, ambaye chumba chake cha kupanga kina kitanda kimoja. Wabomoaji wako nje na sululu zao. Ni watu wa heshima; wamevua kofia, wamekubali kungoja hadi jeneza litoke.

Ippolito amepata pa kupumzika, Mungu amlaze pema. Orsola bado anatafuta pa kulala.