Maisha ya Mama Yetu, Mshona Tepe za Gwaride

Mama yetu mpendwa alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, akiwa wa nne kati ya watoto saba wa fundi viatu. Alimaliza darasa la saba mwaka 1966, wa kwanza darasani kwa hesabu na wa mwisho kwa kunyamaza.

Alijifunza ushonaji kwa shangazi yake, na mwaka 1970 akafungua chumba chake mwenyewe nyuma ya ofisi ya posta. Alishona humo miaka hamsini na mitatu. Pini alizibana mdomoni na bado alisema. Bwana harusi mmoja alipolalamika kwamba suruali inambana, mama alimjibu, "Suruali niliipima mwezi uliopita, shemeji. Tumbo ndilo limekuja leo."

Mwaka 1974 aliolewa na baba yetu, tarishi wa posta, ambaye alileta koti lile lile kubadilishiwa zipu mara tatu kabla ya kusema shida yake hasa. Walijaliwa watoto watatu. Baba alitangulia mwaka 2001.

Mdogo wetu wa mwisho alijiunga na jeshi, akawa mpishi. Tarehe 2 Februari 2009 kombora liliangukia jiko la kambi akiwa anawagawia wenzake chai. Mwaka uliofuata, kamati ya gwaride la mashujaa hapa mtaani ilimwomba mama ashone tepe za begani za akina mama waliofiwa na wanajeshi. Alishona. Alipouliza jina la mwanawe litasomwa saa ngapi, mwenyekiti alimwambia, "Mama, orodha ni ya waliokufa wakipigana. Yule alikuwa jikoni."

"Na hao waliokuwa wanapigana, mwanangu, walikuwa wanakula nini?"

Mwenyekiti alicheka. Leo yuko hapa, safu ya pili, na hacheki.

Kila mwaka mama alipeleka tepe pamoja na karatasi yenye jina la mwanawe. Tepe zilipokelewa. Siku ya gwaride alisimama nyuma ya kamba na watazamaji, huku muuza magodoro aliyetoa vipaza sauti akipita ndani ya gari la wazi, anapunga mkono utadhani vita alipigana yeye. Inatia kinyaa, na hatutaremba maneno kwa sababu tuko msibani. Tulimsihi aache kuwashonea. Alisema, "Hao mama wenzangu wamenikosea nini? Niacheni."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Jumamosi tarehe 8 Juni 2024, gwaride lilipita barabara ya chini ya wodi yake. Alituomba tufungue dirisha. Alisikiliza majina yote thelathini na moja, kiganja kikiwa nyuma ya sikio. Yalipokwisha alisema, "Fungeni," akageukia ukutani.

Alifariki Jumatano tarehe 19 Juni, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitatu. Ameacha watoto wawili, wajukuu sita, dada mmoja, na wateja ambao nguo zao ziko kabatini zimekamilika, mje mzichukue.

Jana mwenyekiti alituomba dakika tano katika ratiba hii, ili alisome jina la mdogo wetu hapa kaburini. Tumekataa. Aliyetaka kulisikia hasikii tena.

Mama, pumzika kwa amani.