Laini, Bila Asali: Maisha ya Mama Vitonge

Ndugu, jamaa na majirani, ahsanteni kwa kufika. Wasifu huu umeandikwa na binti wa pekee wa marehemu, na ndiye anayeusoma.

Marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Vitonge, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga nafaka. Alikuwa mtoto wa tano kati ya saba. Wenzake sita wote walimtangulia, na wote aliwazika yeye.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1966. Mwalimu wa hesabu aliandika kwenye ripoti yake kwamba ni mzito wa kusema lakini si mzito wa kufikiri. Ripoti hiyo tumeikuta juzi chini ya godoro. Mwaka 1970 alipata cheti cha malezi ya watoto wadogo.

Tarehe 3 Januari 1972 aliajiriwa kuwa mpishi wa kituo cha kulelea watoto, akadumu hapo miaka thelathini na minne. Mwaka 1984 jiko la kituo liliharibika. Fundi akasema, "Kesho kutwa naleta kifaa." Kesho kutwa hiyo ilichukua miaka sita. Mwingine angekunja mikono. Mama akajifunza kuwaandalia watoto arobaini bila moto. Aliponda ndizi mbivu, akaloweka tende na kuzitoa kokwe, akasaga oti na karanga mpaka zikawa unga laini, akachanganya na mtindi na kufinyanga vitonge vya kushikika na vidole vya mtoto. Sukari hakutia kabisa. Asali hakumpa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, na aliyembishia alipewa somo mpaka akaomba maji. Jiko lilipopona, vitonge vilibaki.

Kuanzia mwaka 1995, alipong'olewa meno, alikuwa na kipimo chake. Bakuli likiwa tayari alitoa meno ya bandia, akayaweka kwenye kikombe, akabonyeza kitonge kimoja kwa ulimi na ufizi. "Kikipita kwa kibogoyo mkubwa, kitapita kwa kibogoyo mdogo," alisema. Siku moja mkaguzi aliingia bila hodi. Mama alimjibu maswali yote bila jino hata moja mdomoni, na mkaguzi akaondoka na vitonge vitatu mfukoni.

Alifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1977 na fundi saa, mtu wa maneno machache kama yeye. Majirani walitania kwamba nyumba ile zinaongea saa tu. Binti yao alizaliwa mwaka 1981. Baba alifariki tarehe 2 Mei 2001, na tangu hapo mama aliishi peke yake miaka ishirini na minne. Asubuhi ya kwanza ya kustaafu aliamka saa kumi na moja, akatengeneza vitonge arobaini, kisha akakaa akavitazama.

Binti alikuwa amehamia mji mwingine, mwendo wa saa tisa kwa basi. Alipopata mtoto wa kike mwaka 2013, mama alikwenda kumwona akiwa na miezi tisa, akakaa siku kumi na mbili akimlisha kwa mkono wake. Hakuweza kurudi tena, miguu ilianza kuvimba. Badala yake, kila mwezi alimkabidhi kondakta wa basi kopo la vitonge lililozungushiwa barafu, na jioni ya siku ya pili alipiga simu.

"Amekula?"

"Amekula, mama."

"Basi mniletee nimwone."

"Likizo ijayo, mama."

Likizo ijayo ilisemwa miaka kumi na moja. Na kwa kuwa tuko mbele ya jeneza, ukweli usemwe: mtoto alivila vitonge hivyo mwanzoni tu. Makopo yaliyofuata yalikwenda kwa jirani mwenye mtoto mchanga.

Novemba 2024 mama aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Alimkataza jirani yake mshonaji asimpigie binti simu: "Ana kazi, usimsumbue." Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, akiwa ameketi jikoni. Mshonaji ndiye aliyemkuta. Kikombe chenye meno kilikuwa mezani. Ndani ya friji kulikuwa na kopo lenye karatasi: "Mjukuu. Laini. Bila asali."

Hapa binti anaomba aseme mimi. Nilimuuliza mshonaji, kwani mama alisahau kwamba mtoto ana miaka kumi na miwili?

"Hakusahau," akasema. "Nilimwambia, mama, huyo sasa anatafuna mifupa. Akanijibu, mkono wangu unamjua yule wa miezi tisa. Huyu mkubwa sijaletewa."

Naona aibu, ndugu zangu. Sina neno zuri la kuifunika.

Marehemu ameacha binti mmoja, mkwe mmoja na mjukuu mmoja. Mjukuu ndiye yule kwenye kiti cha mbele. Jana aliingia jikoni kwa bibi yake kwa mara ya kwanza, akakaa kwenye kiti kilekile alichofia bibi, akala kopo lile lote, kimoja kimoja, polepole.

Mama, huyu hapa. Nimemleta. Upumzike kwa amani.