Jinsi Mungu Alivyonivua Uafande Mbele ya Watoto Wangu

Sifa kwa Mungu aliye hai, ndugu zangu! Namshukuru kwa sababu amenipa miguu ya kutembea kutoka benchi la nyuma mpaka hapa mbele. Wengi wenu mnanijua kwa sura tu. Mimi ndiye yule askari mrefu wa kambini, mtu wa kabila la Teso, anayekaa karibu na mlango na kutoka kabla ya sala ya mwisho. Jina langu ni Sajini Okiror. Leo sitoki mapema!

Mnaweza kudhani askari akisimama hapa atasimulia risasi iliyomkosa. Risasi zimenikosa, ndiyo, na namshukuru Mungu. Lakini jambo alilonitendea nyumbani kwangu ni kubwa kuliko hilo.

Nilikuja Kasese nikiwa kijana. Nikaoa hapa hapa, mke wangu Biira, mwenyeji wa Bwera, ambaye mnamwona kule na kitambaa cha kijani. Mungu akatupa watoto watatu: Amongin, msichana wa miaka kumi, Opolot wa miaka saba, na mdogo wao Asio aliyekuwa bado anajifunza kutembea.

Ndugu zangu, niliwalea watoto wale kama kuruta. Sisemi kwa mfano! Nilikuwa na filimbi. Nikirudi kazini napuliza mlangoni, na wakubwa wawili wanasimama mstari mmoja, mikono chini, macho mbele. Nakagua kucha. Nakagua madaftari. Asiyefaulu anapiga magoti. Na mnajua waliniitaje? Hawakuniita Baba. Waliniita Afande! Wanaume kambini walipokuwa wakisikia hivyo walicheka, na mimi nilijivuna. Niliona nyumba yangu ina nidhamu kuliko zote.

Kucheza nilikataza. Mtoni nilikataza kabisa. Biira alikuwa akiniambia, "Baba Amongin, siku yako ya mapumziko tembea na watoto kidogo." Nilimjibu, "Kutembeza watoto ni kazi ya watalii. Mimi nina gari? Mimi nina kamera?" Kila wiki niliona wageni wakipita na familia zao kwenda mbugani, watoto wanachungulia madirishani, na moyoni nikasema, raha ile ni ya wenye pesa. Mimi nalipa ada ya shule, imetosha. Huo ulikuwa uongo wa shetani, ndugu zangu, na niliubeba miaka mingi kama begi la mgongoni.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa.

Biira alikwenda Bwera kumuuguza mama yake, akamchukua Asio. Nikabaki na wale wakubwa wawili. Siku moja Amongin, akitoka shule, aliwafuata wenzake mpaka mtoni Nyamwamba. Wakaruka ruka juu ya mawe kama watoto wanavyofanya. Akakanyaga ubao wenye msumari wa kutu. Msumari ukaingia kwenye unyayo.

Mimi sikujua. Mtoto aliosha kidonda kwa maji ya mto, akafunga kwa kipande cha kanga ya mama yake, akavaa soksi juu. Alificha siku tano! Siku tano alisimama mbele yangu kwenye mstari, nikakagua kucha za mikono, na mguu unaoza ndani ya soksi.

Siku ya nne nilimwona anachechemea. Ndugu zangu, Mungu anisamehe ninaposema hili. Sikumuuliza. Nilimfokea, "Wewe! Tembea vizuri! Kushoto, kulia!" Na akatembea vizuri. Alikanyaga mguu ule chini, kushoto, kulia, kutoka mlangoni mpaka kwenye pipa la maji na kurudi, na hakutoa hata sauti.

Kesho yake alianguka darasani. Mwalimu wake alimleta hospitali kwa boda, akanipigia simu. Nikafika nimevaa sare. Nikakuta mguu umevimba mpaka karibu na goti, na mtoto anawaka homa. Nesi alikuwa anamsafisha kidonda. Akamuuliza kwa upole, "Mbona hukumwambia baba?"

Amongin hakujua kwamba niko mlangoni. Akasema, "Afande angenipiga."

Nesi akainua macho, akaniona. Akainama tena kusafisha kidonda. Heri angenitukana!

Daktari aliniita pembeni. Akasema uchafu ukiwa umefika kwenye mfupa, huenda wakalazimika kukata mguu. Watampa dawa kwanza, tungoje siku mbili tatu. Mimi ambaye nimezoea kuamrisha, siku hiyo sikuwa na mtu wa kumwamrisha.

Kwenye kitanda cha pili alikuwepo mama mmoja kutoka ng'ambo, upande wa Kongo. Aliitwa Mama Furaha. Binti yake Furaha alivunjika mkono, umefungwa plasta, na kule kwao walikuwa wamekimbia na nguo walizovaa tu. Lakini ndugu zangu, kitanda kile ndicho kilichokuwa kinachekesha wodi nzima! Mama Furaha alikuwa na vizibo vya soda, akapindua sinia la chakula, akaliweka juu ya kitanda. Unarusha kizibo kimoja juu, unakusanya vingine kabla hakijaanguka. Furaha alicheza kwa mkono mmoja, na aliwashinda watu wazima.

Siku ya pili mchana, homa ilipopungua kidogo, mama yule akahamishia sinia kwenye kitanda cha Amongin. Wakacheza watatu. Nami nimesimama pale, mikono nyuma, kama mlinzi wa lango. Ghafla nikasikia sauti nisiyoijua. Nikageuka. Ilikuwa Amongin anacheka. Miaka kumi namlisha, na sikuijua sauti ya kicheko chake!

Mama Furaha akanitazama. "Afande, weye unasimama sababu gani? Kaa chini. Kamata vizibo, cheza na mutoto."

Nikasema mimi sijui michezo hiyo.

"Hata mutoto hakujua jana. Kaa!"

Nikakaa, na buti zangu na mkanda wangu. Nikarusha. Vidole vyangu vizito, kizibo kikaruka mpaka chini ya kitanda, wodi ikacheka. Zamu ya Amongin ikafika. Mtoto huyu aliyekuwa amekusanya vizibo vyote dakika iliyopita, sasa anaangusha. Anaangusha tena. Ananitazama usoni kwanza, halafu anaangusha. Nikafikiri amechoka.

Mama Furaha akasema taratibu, "Huoni? Mutoto iko naogopa kukushinda."

Ndugu zangu, nilitoka nje. Nyuma ya hospitali kuna mahali watu wanaouguza wagonjwa wao wanaanika nguo. Jua kali, mashuka yanapepea, akina mama wanafua, na mimi Sajini nikapiga magoti kwenye tope la sabuni mbele ya watu wote. Nikasema, Mungu wangu, mtoto wangu anaogopa hata kucheza na mimi. Niachie mguu wake. Na hata kama utachukua mguu, nirudishie mtoto. Nivue hiki nilichokivaa, kwa sababu mimi mwenyewe siwezi kukivua! Nililia sana. Mama mmoja aliyekuwa anafua aliacha ndoo yake, akaja akaweka mkono wenye mapovu begani kwangu, akaniombea kwa Lhukonzo, lugha ya kwao Biira. Sikuelewa maneno mengi, lakini nilisimama pale nikiwa mwepesi.

Siku ya tatu daktari akafungua kidonda, akaangalia, akabonyeza. Akasema, "Mfupa uko salama." Haleluya! Mguu ule mnaouona hapa mbele, wenye kiatu chekundu, ndio huo! Mpigieni Mungu makofi!

Biira alikuwa amerudi kutoka Bwera siku ile ile. Nilimweleza yote, hata lile la kushoto kulia. Akasema, "Baba Amongin, ukimfanyia hivyo tena, nitarudi kwa mama na watoto wote." Nikamwambia ana haki. Tulipofika nyumbani, filimbi niliitupa chooni.

Lakini ndugu zangu, msidhani nilibadilika kama kuwasha taa. Kidonda kilipopona, Jumamosi ya kwanza nilitangaza tutatembea. Nikasema, "Saa mbili kamili! Kila mtu na maji yake! Mstari mmoja!" Tukatembea mpaka mtoni kimya kama watu wanaokwenda kuzika. Biira akaniuliza, "Haya ni matembezi au ni patroli?" Nikaona aibu. Nikavua viatu, nikaingia majini. Sikujua la kufanya, nikaokota jiwe. Opolot akaokota lake. Nikamwambia langu ni zuri zaidi. Akasema, kwa sauti ndogo, "Hapana." Ndugu zangu, ile hapana! Lilikuwa neno la kwanza la kunipinga katika maisha yake, na nilitaka kumbeba juu!

Wiki nyingine nilianguka tena. Opolot alipoteza kiatu kwenye maji, nikapiga kelele ile ya zamani, na mtoto akajikojolea pale pale. Nilichuchumaa mbele yake nikamwomba msamaha. Mimi sijawahi kusikia mwanaume wa kwetu akimwomba msamaha mtoto wa miaka saba. Alinitazama, akasema, "Kiatu kilikuwa kinanibana." Basi tukacheka wote.

Toka hapo Mungu alituongoza, na hakutudai kitu cha kutushinda. Jumamosi moja tunasokota mpira wa majani makavu ya migomba, na watoto wa majirani wanatufuata mpaka uwanja unajaa. Siku nyingine tunapanda teksi mpaka Kikorongo, tunakaa pale njia panda penye wauza mahindi, tunashiriki mahindi ya kuchoma na kutazama tambarare za mbuga. Siku tuliyowaona tembo wanavuka barabara, malori yamesimama pande zote mbili, Asio alipiga makofi mpaka madereva wakampigia honi. Watalii wametoka mbali na kulipa pesa kuwaona tembo wale wale! Kambini wengine walinicheka, wakasema Sajini amekuwa yaya. Sasa wawili kati yao wananiuliza siku za kazi, "Afande, Jumamosi tunakwenda wapi?"

Siku niliyojua kwamba Mungu amemaliza kazi yake ilikuwa Bwera. Tulikwenda kumwona mama mkwe wangu, amepata nafuu. Baada ya kula bundu, ule ugali wa muhogo, na samaki, tukapanda kilima nyuma ya nyumba, mahali unapoona Kongo upande wa pili na malori yamepanga foleni mpakani. Pale juu kuna majani mafupi. Amongin akanitazama, macho yake yanang'aa, akasema, "Mbio mpaka kwenye ule mti wa parachichi!"

Tukakimbia. Ndugu zangu, nilikimbia kweli! Sikumwachia. Mimi ni askari, nina pumzi. Na mtoto huyu, kwa mguu ule ambao daktari alisema huenda ukakatwa, alinipita katikati ya njia. Hakupunguza mwendo. Hakugeuka kunitazama usoni. Alifika, akaugonga mti kwa viganja viwili, akageuka akapaza sauti mpaka bibi yake akasikia chini: "Nimekushinda, Baba! Nimekushinda!"

Baba! Mmesikia? Baba! Nilianguka kwenye majani yale nikawa nalia na kucheka pamoja. Opolot akanirukia tumboni, Asio akafuata, na Biira amesimama pale amejishika kiuno, anasema, "Angalieni sajini wenu ameangushwa." Namshukuru Mungu aliyenipa ushindi kwa kunifanya nishindwe!

Namshukuru Mama Furaha, popote alipo, Mungu amlinde njiani na ampe nyumba. Namshukuru mwalimu, na nesi yule aliyenyamaza. Namshukuru mke wangu ambaye hakunificha ukweli.

Na wewe unayenisikiliza, mkulima, mfanyabiashara, askari mwenzangu, unayesema huna pesa ya kuwafurahisha watoto wako, nakuambia mbele ya Mungu: nilisema hivyo pia, na nilikuwa nadanganya, kwa sababu nilichokosa ni unyenyekevu. Mwamini Yesu akupe. Anatoa!

Jumamosi hii asubuhi tunashuka Nyamwamba, pale kwenye mawe mapana. Usibebe kitu, lete mtoto tu. Na kama kuna mtoto mmoja nyumbani ambaye hujui anavyocheka, mlete huyo kwanza. Ukiona haya kuvua viatu mbele za watu, njoo usimame karibu yangu. Nitakuwa nimeshaingia majini, suruali imekunjwa mpaka magotini. Bwana atukuzwe sana!